Somo: Kuitafutia Kadi ya Mtandao Draiva Yake Katika Linux



Tangu Microsoft isitishe huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ofisi nyingi zenye kompyuta za zamani zimeanza kuhamia Linux. Kikwazo cha kwanza kwa wengi ni hiki: kompyuta inawaka vizuri lakini mtandao usio na waya hauonekani. Sisi wenyewe tuliwahi kupanga bajeti ya kadi mpya, kumbe kadi ilikuwa nzima. Ilikosa draiva tu, yaani programu inayoiwezesha kufanya kazi. Kwa hiyo, kabla kamati haijaidhinisha fedha, fuateni hatua hizi.

1. Itambueni kadi. Fungua dirisha la amri, andika lspci -nnk. Kwa kadi ya kuchomeka kwenye USB, andika lsusb. Tafuta namba yenye sehemu mbili, mfano 14e4:4315. Ya kwanza humtaja mtengenezaji: 8086 ni Intel, 10ec ni Realtek, 14e4 ni Broadcom. Ya pili hutaja aina ya kadi. Msitegemee jina la kwenye boksi, maana jina moja huweza kubeba kadi za ndani tofauti.

2. Kama mmetumia lspci, someni mistari iliyo chini ya kadi. Ukiwepo mstari "Kernel driver in use", draiva inafanya kazi. Hapo andika rfkill list kuona kama kadi imezimwa. Mstari usipokuwepo, andika sudo dmesg | grep firmware, uone kama kuna faili la kadi lililokosekana.

3. Wekeni kinachokosekana. Katika Debian, kadi za Intel zisizo na waya hutumia kifurushi cha firmware-iwlwifi, na nyingi za Realtek firmware-realtek. Tangu Debian 12 ya Juni 2023, faili hizi zimo ndani ya diski rasmi ya kusakinishia. Katika Ubuntu, kadi nyingi za Broadcom hupatiwa draiva kupitia "Additional Drivers".

4. Mkikosa intaneti ya kupakua, chomekeni waya wa mtandao, au simu kwa waya wa USB na kuwasha huduma ya kugawa intaneti.

Swali la kujadili: je, katika stoo yetu kuna kompyuta iliyohukumiwa kuwa mbovu kabla haijasomwa namba ya kadi yake? Itoeni, mwiangalie tena.