Mimea ya Kudumu: Chagua Kitabu Kabla ya Mche

Sukuma wiki ikikosea, hasara ni ya msimu mmoja. Mti au ua la kudumu utakaa nalo miaka mingi, kwa hivyo mkaazi anayeanza bustani anahitaji kitabu cha mimea kabla ya kwenda kitaluni.

Tahadhari na vitabu vya Ulaya. Picha zinavutia, lakini kalenda yake hufuata majira ya theluji. Sisi tunategemea mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba, na Ukambani hizo za pili ndizo za kuaminika zaidi. Humo pia lantana husifiwa kama ua la chunguni. Huku huvamia malisho, na majani yake ni sumu kwa ng'ombe.

Ukishika kitabu dukani, kijaribu kwa mmea unaoujua. Tafuta mukau. Je, kinatoa jina la Kikamba na la kisayansi, Melia volkensii? Kinataja mwinuko na mvua unayohitaji? (Kinachostawi Iveti huenda kikakauka Masinga.) Kinaeleza kwamba kokwa yake ni ngumu na sharti ipasuliwe ili mbegu iote?

Jina la kisayansi si la maringo. Mwarobaini ni Azadirachta indica, lakini wengi huita hivyo pia Melia azedarach, ambao matunda yake yana sumu. Anayechemsha dawa kwa kufuata jina la mtaani anaweza kumdhuru mtoto wake.

Kwa anayeanza, kinachofaa zaidi ni Useful Trees and Shrubs for Kenya cha Patrick Maundu na Bo Tengnäs, cha 2005. Kina michoro, majina ya lugha zetu, matumizi na namna ya kuotesha. Kile cha Henk Beentje cha 1994, Kenya Trees, Shrubs and Lianas, ni cha wataalamu, kiache kwanza. Vyote viwili ni vya Kiingereza, basi kisome pamoja na mwanafunzi wa sekondari na mzee anayejua majina ya Kikamba. Usishangae kukuta Acacia tortilis, ambao siku hizi huitwa Vachellia tortilis. Mti ni ule ule.

Bei ikikushinda, changieni kimoja katika kikundi chenu, au mwone afisa wa kilimo wa wadi yako. Mpelekee kitawi chenye majani pamoja na ua au tunda. Jani moja pekee halitoshi kuutambua mmea.