Somo: Maulizo ya tabia yanaweza kusaidia nini ndani ya koperative?



Siku hizi maulizo ya tabia yanazunguka sana kwenye telefone. Unafungua, unajibu maulizo kumi ao makumi mbili, kisha telefone inakuambia: «Wewe ni kiongozi wa kuzaliwa», ao «Wewe ni mutu wa moyo mutulivu». Vijana wetu wanayapenda. Kuna hata kamati ambazo zinajiuliza kama zinaweza kuyatumia juu ya kuchagua keshie ao mulinzi wa depo. Jambo hili si muchezo, kwa sababu nyuma yake kuna makuta ya watu na jina la mutu.

Kisha somo hii, kila mwanachama ataweza:
- kueleza sababu gani jibu la maulizo haya linaonekana kuwa la kweli hata kama haliko;
- kujiuliza mwenyewe kwa njia inayosaidia shamba;
- kujua mahali ambapo maulizo haya hayafai kabisa.

1. Maulizo haya yanatoka wapi?

Ya kwanza yalitengenezwa Marekani wakati wa vita ya kwanza ya dunia, juu ya kutambua waaskari ambao akili yao ingeweza kushindwa na mambo ya vita. Mwaka 1921, munganga mumoja wa Uswisi, Carl Jung, aliandika kitabu juu ya namna mbalimbali za watu: wengine nguvu zao zinaelekea inje, kwa watu na kazi, wengine zinaelekea ndani, kwa mawazo yao. Kisha, wakati wa vita ya pili, mama mumoja wa Marekani na binti yake, Katharine Briggs na Isabel Myers, walichukua mawazo hayo na kutengeneza maulizo ambayo yanagawanya watu wote katika mafungu 16. Teste nyingi za kwenye telefone ni watoto ao wajukuu wa hiyo.

Lakini kuna shida. Watu wengi wakijibu tena kisha majuma machache, wanajikuta katika fungu lingine. Mizani ambayo leo inasema gunia ni kilo 100 na kesho inasema 80, wewe hauwezi kuuza nayo. Wenye elimu ya mambo ya akili wengi leo hawagawanye watu kwa mafungu. Wanapima tabia tano, na kila mutu ako nazo zote, kidogo ao mingi.

2. Sababu gani jibu linaonekana ni la kweli?

Mwaka 1948, mwalimu wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 teste ya tabia. Kisha alimupa kila mumoja karatasi yake, na akawaomba waseme kama inawaeleza vizuri, kuanzia 0 mpaka 5. Kwa wastani walitoa 4,26. Walifurahi sana. Halafu aliwaonyesha: wote walipata karatasi moja, maneno yaleyale! Aliyatoa katika kitabu cha watabiri wa nyota.

Maneno ya namna hiyo ni kama koti kubwa: kila mutu anaingia. «Wakati fulani unapenda kuwa na watu, wakati fulani unapenda kuwa peke.» Nani hako hivyo? Kwa hiyo, ukisoma jibu na moyo wako ukasema «ndiyo, ni mimi kabisa», jiulize kwanza: je, jirani yangu naye hangesema vile?

3. Kwa wakulima, shida inazidi

Maulizo mengi yalijaribiwa kwa wanafunzi wa miji mikubwa. Watafiti walipoyapeleka kwa Watsimane, watu wa Bolivia ambao wanaishi kwa kulima, kuwinda na kuvua samaki, zile tabia tano hazikuonekana vizuri. Utafiti huo ulitolewa 2013. Kilichoonekana zaidi ni mambo mawili: namna mutu anavyoishi na wengine, na namna anavyojituma katika kazi.

Watafiti wengine walifanya kazi na wakulima wa Siaya, mangaribi ya Kenya. Waliona kwamba mutu akisomewa maulizo kwa sauti, mara nyingi anaitika «ndiyo», hata kwa maulizo mawili yanayopingana. Sisi tunajua jambo hili. Animatere akija na kalamu na karatasi, mutu anajibu kwa heshima. «Je, mama, wewe ni mutu wa bidii?» Nani atasema hapana mbele ya mugeni?

4. Uliza kazi, usiulize sifa

Je, tuache kujiuliza? Hapana. Kujijua kunafaa sana, lakini tubadilishe ulizo. Usiulize «Mimi niko mutu wa namna gani?» Uliza «Saizoni iliyopita nilifanya nini?» Kazi iliyofanywa inaacha alama shambani; sifa haiache alama.

Chukua daftari, ujibu A ao B:

1. Mbegu mpya ilipofika: (A) nilipanda shamba kubwa mara moja; (B) nilipanda kipande kidogo, ao nilingojea kuona kwa jirani.
2. Kisha mavuno: (A) niliuza sehemu kubwa katika majuma ya kwanza, (B) nilichunga sehemu kubwa.
3. Gharama ya mbegu, dawa na wafanyakazi: (A) niko nayo kichwani, (B) niliandika.
4. Nilipoona mumea mugonjwa: (A) nilitenda siku ileile, (B) nilingojea nione kama itapona.
5. Mbele ya jambo kubwa: (A) niliamua peke, (B) niliuliza watu. Andika uliuliza nani.
6. Katika mukutano, wakati sikukubali: (A) nilisema palepale, (B) nilinyamaza, nikasema inje.

Usihesabu A ngapi na B ngapi. Hakuna mutu wa A na mutu wa B. Kwa kila jibu, andika mambo mawili: hiyo iliniletea faida gani, na ilinipotezea nini.

Kisha fanya hatua ya pili, ambayo ni ya maana zaidi: mutu ambaye munalima pamoja (bwana, bibi, mutoto mukubwa ao jirani) ajibu maulizo yaleyale juu yako, bila kuona daftari yako. Mahali majibu yanaachana, ndipo kuna mafundisho. Musibishane, tafuteni mufano wa siku fulani ambayo mambo yalifanyika.

5. Namna ya kusoma majibu: mifano miwili

*Kirabiranya ya migomba.* Ugonjwa huu ulionekana Masisi, katika Kivu ya Kaskazini, mwaka 2001, na umeharibu migomba mingi. Unaletwa na bakteria. Unapelekwa na wadudu wanaotembelea ua, na panga yetu wenyewe. Mutu wa «tungojee tuone» anapoteza kwa sababu mugomba mugonjwa hauponi. Siku anazongojea, ugonjwa unatembea. Lakini mutu wa haraka naye anapoteza: anakata mugomba mugonjwa mbio mbio, kisha anaingia katika mugomba muzima na panga ileile. Mumoja aliharibu kwa kuchelewa, mwingine kwa haraka. Wote wawili wanahitaji kanuni ileile: kata shina gonjwa chini, kwenye udongo, pitisha panga motoni ao uioshe na javel mbele ya kugusa mugomba mwingine, na ondoa ua la kiume kwa kijiti chenye panda, si kwa panga, mara kichana cha mwisho kikionekana. Ukijua tabia yako, unajua ni hatua gani utasahau. Wa haraka, funga kichupa cha javel kwenye panga. Wa kungoja, patana na jirani apite kukuona siku fulani ya juma.

*Kuuza mapema.* Baba mumoja anauza maharagi yote katika majuma mawili. Tunasema: «Huyu hana uvumilivu.» Ni kweli? Labda ana deni la mbegu. Labda anaogopa vidudu vya maharagi. Labda ni mwezi wa minerval ya watoto. Mutu huyu, ukimupa gunia la PICS, lile la tabaka tatu ambalo linazuia hewa mpaka vidudu vinakufa, pengine atachunga mpaka bei ipande. Tabia yake haikubadilika. Hali yake ndiyo ilibadilika. Vilevile mama ambaye hasemi katika mukutano: pengine haogopi, ila mukutano unafanywa saa ambayo anawaza moto na watoto, ao kila akisema mutu anamukata. Mbele ya kusema «ni tabia yake», uliza hali yake kwanza.

6. Mambo matatu ya kuepuka

*Usichague keshie kwa teste.* Mwizi naye anajua jibu linalopendeza. Sanduku la AVEC lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu. Kufuli hazimuulizi mutu kama ni mwaminifu. Ni vile pia kwa koperative. Sheria ya OHADA, ambayo inchi yetu iliingia mwaka 2012, inaomba kuwe na watu wa kuangalia kazi ya wale wanaoongoza. Hesabu inayosomwa mbele ya wanachama wote inalinda makuta kuliko maulizo yoyote, na inamulinda hata keshie mwenyewe na masengenyo.

*Usimupe mutu jina la kudumu.* «Huyu ni mvivu», «wale wa upande ule ni wagumu». Jina la namna hiyo linafunga mulango. Huko Lomé, Togo, watafiti walifuata wafanyabiashara wadogo 1.500. Fungu moja lilifundishwa kuanza mambo bila kusukumwa, kutangulia shida na kuendelea wakati wa kikwazo. Matokeo yalitolewa 2017: faida yao ilipanda kwa 30 %, kuliko wale ambao hawakufundishwa. Basi namna ya kufanya mambo inafundishwa, sawa vile kupanda kwa mistari kunafundishwa.

*Usitoe siri zako kwenye telefone.* Mwaka 2014, watu karibu 270.000 walijibu teste moja ya tabia kupitia Facebook. Mwaka 2018 ilijulikana kwamba habari za watu mpaka milioni 87, marafiki wa wale waliojibu, zilichukuliwa na kutumiwa kwa mambo ya siasa. Teste ikikuuliza tarehe ya kuzaliwa, jina la mama yako ao namba ya telefone, iache. Wengi wetu tunatumia mwaka wa kuzaliwa kama kode ya M-Pesa ao Airtel Money. Ni kama kumupa mugeni ufunguo wa nyumba.

7. Kazi ya kikundi (saa moja na nusu)

- Kila mutu ajibu maulizo sita peke yake. Anayeshindwa kuandika, mutu anayemwamini amusomee pembeni, si mbele ya wote.
- Watu wawili wawili waonyeshane. Asiyetaka, asilazimishwe.
- Kikundi chote kijibu: Saizoni inayokuja, ni kazi gani inahitaji mutu wa haraka? Gani inahitaji mutu wa kungoja na kuandika? Tuweke wawili wasiofanana katika kila kazi kubwa: kupima mazao, kuuza, kununua mbegu.
- Kila mutu achague kitu kimoja tu cha kubadilisha, na aseme nani atamukumbusha.

Muchunge daftari. Mwisho wa saizoni, mujibu maulizo yaleyale tena na mulinganishe. Hapo ndipo mutaona ni nini kilibadilika kwa kweli, na ni nini kilibaki maneno.