Dungusi Dogo Dirishani: Vidokezo vya Kulilea na Kulizalisha

Dungusi kakati dogo linamfaa sana mtu asiye na bustani. Kibaraza cha ghorofani kinalitosha, hata ukingo wa dirisha la jikoni. Mengi yanayofia majumbani hayafi kwa kiu. Huoza, kwa sababu mwenye nyumba anashika kopo la maji kila asubuhi. Ukilijua hilo, mengine ni mepesi.

1. Hakikisha ni dungusi kweli
Wauza miche wa kando ya barabara huweka mimea yote yenye miiba pamoja. Angalia miiba inapoanzia: kwenye dungusi halisi huchomoza katika kivimbe kidogo chenye nyuzi laini. Jamaa za mnyaa hazina kivimbe hicho, na utomvu wake huunguza macho, kwa hiyo uzishike kwa uangalifu. Anayeanza ninampendekezea Mammillaria, ambayo asili ya aina zake nyingi ni Meksiko. Ni fupi, ni vumilivu, na maua yake hujipanga duara kuzunguka kichwa.

2. Udongo usioshika maji
Changanya sehemu moja ya udongo wa shamba uliochekechwa na sehemu moja ya mchanga wa mtoni wenye chembe kubwa, kisha tia kokoto ndogo au matofali yaliyopondwa. Mchanga wa ufukweni usiuguse, una chumvi. Lowesha mchanganyiko kidogo, ukamate kwenye kiganja, halafu fungua mkono. Ukisambaratika, uko tayari. Ukibaki donge, ongeza mchanga.

3. Chungu kidogo, chenye tundu
Kizidi upana wa dungusi kwa sentimita 2 au 3 tu. Kikubwa mno hubaki na maji pembeni, mahali ambapo hakuna mizizi ya kuyanywa. Pwani, kwenye hewa ya unyevu, chungu cha udongo wa kufinyanga ni bora kuliko cha plastiki kwa sababu hukauka upesi.

4. Dirisha la mashariki
Vitabu vingi vya madungusi vimeandikiwa wasomaji wa Ulaya na Marekani, navyo husisitiza dirisha la kusini. Kwetu karibu na ikweta ushauri huo hauna maana: mwezi Juni jua la mchana huwa upande wa kaskazini, Desemba likahamia kusini. Tafuta dirisha linalopata jua tangu asubuhi mpaka saa tano hivi. Dungusi lililonyimwa mwanga hupauka na kuchongoka kichwani, na sehemu iliyochongoka hainenepi tena. Lakini usilitoe kivulini ukaliweka juani siku hiyohiyo. Lizoeshe kwa wiki mbili, ama sivyo ngozi itaungua na kovu litabaki.

5. Maji: subiri, kisha mwagilia kweli
Dungusi hufungua vitundu vyake vya hewa usiku, wakati wa ubaridi, na kuvifunga mchana. Kwa hiyo maji linayopoteza ni machache, na lile tone la kila siku halina kazi. Chomeka kijiti cha mshikaki mpaka chini ya chungu, kiache kidogo, kichomoe. Kikiwa na unyevu, ahirisha. Kikiwa kikavu kabisa, mwagilia hadi maji yatoke tunduni, kisha mwaga yaliyotuama kwenye kisahani. Kiangazi cha Dodoma huenda ukamwagilia kila wiki. Baridi ya Juni na Julai kule Nairobi au Mbeya, wiki tatu zinaweza kupita, na usihangaike. Masika yakianza, liingize chini ya paa.

Jifunze pia kusoma ngozi. Ikinywea kidogo, hiyo ni kiu tu. Ikilainika na kuwa kahawia kuanzia chini, huo ni uozo. Nenda moja kwa moja kidokezo cha 7.

6. Kuzalisha kwa vitoto
Hapa ndipo penye raha kuu. Mammillaria nyingi huotesha vitoto shinani. Subiri kitoto kifikie angalau sentimita 2, kizungushie karatasi ya gazeti iliyokunjwa, kisokote taratibu mpaka kiachie. Sasa usikipande! Kiweke kivulini, pakavu, siku tatu hadi saba, mpaka jeraha lifunge na kuwa gumu. Watu wengi huruka hatua hii, na kitoto huoza kabla ya kutoa mzizi. Jeraha likishafunga, kikalishe juu ya udongo mkavu, kikiegemezwa kwa kokoto, na usikimwagilie kwa wiki nzima. Baada ya hapo lowesha kidogokidogo. Mizizi huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo acha kukivutavuta kukikagua.

7. Kukata ili kuokoa
Uozo ukianzia chini, futa kisu kikali kwa spiriti, ukate juu ya sehemu iliyooza. Endelea kukata vipande vyembamba, ukifuta kisu kila mara, mpaka nyama iwe safi isiyo na doa. Kichwa kilichobaki kikaushe wiki moja au mbili, kisha kipande kama kitoto.

8. Lile lenye kichwa chekundu
Hayo ni madungusi mawili yaliyounganishwa. La juu halina chanikiwiti, haliwezi kujitengenezea chakula, basi hunyonya kwa la kijani lililo chini. Ukichomeka kitoto chake chekundu udongoni kitakufa. Ni lazima kiunganishwe juu ya shina jingine la kijani.

9. Wadudu weupe wenye unga
Hujificha katikati ya miiba na kwenye mizizi. Waguse mmoja mmoja kwa kijiti cha pamba kilicholoweshwa spiriti, jioni, jua likishapoa. Rudia baada ya wiki.

10. Usitupe vipande nje
Hasa vya mpungate. Huko Laikipia, Kenya, mpungate ulioletwa kutoka Amerika umeshika malisho. Kila pande linaloanguka huota mizizi, ndovu husambaza mbegu wakila matunda, na mbuzi hujeruhiwa vinywa na miiba. Wadudu wa kochineali wameachiliwa huko ili kuudhibiti. Vipande usivyovihitaji mpe jirani mwenye chungu, au uvianike juani kwenye bati mpaka vikauke kabisa ndipo uvichome.