Mtoto aliyefariki kwa saratani: Sadaka ya utafiti kwa jina lake



Ndugu msomaji, familia inapofiwa na mtoto, haipiti siku nyingi baada ya maziko kabla ya wazazi kuulizana: tumfanyie nini mwanetu? Wapo wanaochimba kisima, wapo wanaonunua misahafu ya madrasa, na wapo wanaotandika majamvi mapya msikitini. Yote ni kheri. Katika safu yetu ya leo napenda tuizungumzie njia nyingine ambayo kwetu bado haijazoeleka, nayo ni kuchangia utafiti wa maradhi yaliyomwondoa mtoto, hususan saratani.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa kila mwaka watoto na vijana wapatao 400,000, wenye umri usiozidi miaka 19, hupata saratani. Katika nchi tajiri, zaidi ya 80 katika kila 100 hupona. Katika nchi nyingi zenye kipato cha chini na cha kati hawafiki 30. Maradhi ni yale yale na miili ni ile ile ya watoto. Kinachotofautiana ni kuchelewa kufika hospitali, uhaba wa dawa na vipimo, na pia ilimu ya namna ya kuwatibu watoto hawa katika mazingira yao.

Hata huko kwa matajiri hali haikuwa hivi tangu zamani. Katika mji wa Middlesbrough, Uingereza, binti mmajo jina lake Susan Eastwood alifariki kwa saratani ya damu akiwa na miaka 6. Zama hizo karibu kila mtoto aliyepata maradhi hayo alikufa. Familia yake ilianza kuchangisha fedha za utafiti, na mwaka 1960 ukaanzishwa mfuko ambao baadaye ulikua na kuwa shirika la nchi nzima. Kituo chake cha kwanza cha utafiti kiliwekwa katika hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London. Leo hii nchini humo, watoto 9 hivi katika kila 10 wenye aina ya saratani ya damu inayowapata watoto zaidi hupona.

Sisemi kuwa fedha za familia ile peke yake ndizo zilizoleta matokeo haya. Waliochangia na waliotafiti ni wengi, katika nchi nyingi. Lakini zingatia jinsi yalivyopatikana. Haikushuka dawa moja ya ajabu. Sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kujifunza dawa zipi zichanganywe, kwa kipimo gani, kwa miezi mingapi, na vipi maradhi yazuiwe yasijifiche kwenye ubongo. Kila hatua ilihitaji watoto kufuatiliwa, majibu kuandikwa na hesabu kufanywa. Kazi hiyo haionekani kama kisima kinavyoonekana, ndiyo maana ni vigumu kuichangishia.

Marekani nako, mwaka 2000, mtoto Alexandra Scott wa miaka 4, ambaye mwenyewe alikuwa na saratani, aliweka meza nje ya nyumba yao akauza maji ya ndimu ili madaktari wapate fedha za kutafuta tiba. Siku ile zilipatikana dola 2,000 hivi. Alifariki mwaka 2004 akiwa na miaka 8, na hadi wakati huo juhudi zake zilikuwa zimekusanya zaidi ya dola milioni 1. Wazazi wake wameiendeleza kazi hiyo.

Hawa hawakuwa Waislamu, lakini jambo lenyewe si geni kwetu. Sa'd bin Ubada (r.a.), alipofiwa na mama yake, alimuuliza Mtume (s.a.w.) kama sadaka itamfaa marehemu. Alipojibiwa ndiyo, akaitoa sadaka bustani yake. Na wote tumesoma madrasa kuwa miongoni mwa mambo yasiyokatika mtu anapokufa ni sadaka yenye kuendelea na ilimu yenye kunufaisha. Utafiti wa tiba unakusanya yote mawili.

Kuna tukio ambalo mimi hulifikiria sana. Siku aliyofariki Ibrahim, mtoto mdogo wa Mtume (s.a.w.), jua lilipatwa. Watu wakasema limepatwa kwa sababu ya msiba ule. Mtume (s.a.w.), ambaye macho yake yalimlilia mwanawe, hakuiacha kauli hiyo ipite. Aliwafahamisha kuwa jua na mwezi ni ishara za Allah, havipatwi kwa kifo cha yeyote wala kwa uhai wake. Katika msiba mzito kiasi kile, bado alisahihisha ilimu ya watu.

Sasa tuje kwetu. Pengine utasema utafiti ni wa mamilioni ya dola, sisi wauza vitunguu tutauweza wapi? Kumbuka kuwa moja ya tafiti mashuhuri za saratani ya watoto ilianzia hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari Denis Burkitt aliona watoto waliovimba mataya. Alituma karatasi zenye picha kwenye hospitali mbalimbali za Afrika akiuliza kama nao wanauona uvimbe huo, kisha mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakasafiri kwa gari kuukuu hadi Afrika Kusini wakiuliza hospitali kwa hospitali. Gharama ilikuwa mamia ya paundi, si maelfu. Ikabainika kuwa uvimbe huo unapatikana zaidi kwenye joto na mvua, yaani kwenye malaria. Mwaka 1964 wanasayansi wa London wakagundua ndani ya uvimbe huo kirusi kinachoitwa Epstein-Barr.

Mfano wa karibu zaidi ni Blantyre, Malawi. Madaktari wa huko walichunguza watoto wenye saratani ya figo, ambao wengi walifika wakiwa wamekonda mno. Waligundua kuwa dawa ya vinkristini inachelewa kutoka katika mwili wa mtoto mwenye utapiamlo. Maana yake, kipimo kilichopangwa kwa mtoto aliyeshiba wa Ulaya kinaweza kumdhuru wa kwetu. Jambo hili lisingejulikana kwa kusoma vitabu vya Ulaya tu. Ilibidi aulizwe mtoto wa Malawi.

Najua kuna hofu. Mtu husikia neno utafiti akadhani watoto watafanywa panya wa majaribio. Utafiti halali una masharti. Kwa Tanzania lazima upite kwenye kamati ya maadili, na kibali cha kitaifa hutolewa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Mzazi huelezwa kwa lugha anayoifahamu, huombwa ridhaa, na akikataa mwanawe huendelea kutibiwa kama kawaida. Basi kabla hamjatoa hata shilingi, ulizeni kibali kiko wapi, fedha zinaingia akaunti ya nani, na taarifa ya matumizi mtaipata lini. Anayekasirika kwa maswali hayo, msimpe.

Kwa upande wa fedha zenyewe, kwanza lipeni madeni ya matibabu na mazishi. Kama mtoto aliacha mali yake, hiyo ni ya warithi, haitolewi bila ridhaa yao. Zaka ina watu wake wanane waliotajwa, hivyo muulizeni sheikh wenu kabla ya kuigusa. Sadaka ya kawaida na waqfu vina nafasi pana zaidi. Suala la khitma nalo nawaachia masheikh. Ila pilau ya arobaini inayopikwa kwa mkopo, mimi kama tabibu nimeichoka. Nusu ya gharama yake ingelipia nauli za watoto wanaotakiwa kurudi kliniki ili waendelee kufuatiliwa, na utafiti ambao watoto wake wanapotea njiani hauna majibu.

Asiye na fedha ana kitu kingine. Msichome wala msitupe kadi, picha na majibu ya vipimo vya marehemu, hasa jibu la kinyama kilichokatwa. Rudini hospitali alikotibiwa mkahakikishe ameandikwa kwenye daftari la saratani, na kama aliishia nyumbani, wajulisheni tarehe aliyofariki. Mtoto aliyetoweka kwenye faili hawamjui kama alipona au alikufa.

Na kama aliyefariki alikuwa na saratani ya jicho, ile inayoanza kwa weupe unaong'aa kwenye mboni kama jicho la paka usiku, wapelekeni ndugu zake wadogo wakapimwe macho hata kama hawalalamiki. Baadhi ya saratani hizi hurithiwa, na ikigunduliwa mapema mtoto hupona, mara nyingine na jicho lake likabaki. Anayezaliwa baadaye naye apimwe tangu wiki zake za mwanzo.