Mapokeo ya Wazee, na Jinsi Yalivyoandikwa

Katika Marko 7 twasoma habari za Mafarisayo walioshika mapokeo ya wazee. Waalimu wengi hulipita neno hili upesi, wakidhani ni amri zilizobuniwa ili kuwalemea watu. Imetupasa kuuliza kwanza mapokeo hayo yalikuwa nini.

Torati yakataza kazi siku ya Sabato, walakini haielezi kazi yenyewe ni ipi. Je, kufunga fundo ni kazi? Na kuandika herufi mbili? Wazee wakahesabu aina 39 za kazi, wakazifundisha kwa kinywa, mwalimu akitamka na mwanafunzi akirudia hata akashika kwa moyo. Walisema mafundisho haya yalitoka kwa Musa, akapokea Yoshua, kisha wazee, kisha manabii. Masadukayo waliyakataa.

Hata mwaka wa 70 Warumi wakaliteketeza Hekalu. Yohanan ben Zakkai akawafundisha wanafunzi katika Yavne, mji ulio karibu na pwani. Ikafuata vita ya Bar Kokhba, tangu 132 hata 135, ikaua watu wengi sana, na waalimu miongoni mwao. Sheria ikaayo vifuani mwa watu yaweza kuzikwa pamoja nao. Basi, karibu na mwaka wa 200, katika Galilaya, Yehuda ha-Nasi aliyapanga mafundisho hayo katika mafungu 6 yenye vitabu 63. Jina lake ni Mishna, ndiyo kurudia.

Atazamiaye kuona humo orodha ya amri tupu atastaajabu. Kitabu cha kwanza chaanza na swali la saa: jioni, maneno ya Kumbukumbu la Torati 6:4 yasomwe lini? Eliezer asema, hata mwisho wa zamu ya kwanza ya usiku. Wenye hekima wasema, hata usiku wa manane. Gamalieli, mjukuu wa yule aliyemfundisha Paulo, asema, hata alfajiri. Wote wameandikwa, hata wale ambao neno lao halikufuatwa. Kitabu kingine, Eduyot, chaeleza sababu: huenda baraza la siku za baadaye likaona neno la mtu mmoja kuwa jema, likalitegemea.

Waalimu wa Galilaya na wa Babeli wakaendelea kuijadili Mishna kwa karne kadhaa, na majadiliano yao ndiyo Talmud. Talmud ilichomwa moto Paris mwaka wa 1242. Nasi Walutheri tusifiche kwamba mwaka 1543 Luther mwenyewe alishauri Wayahudi wanyang'anywe vitabu hivyo. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri katika Marekani liliyakana maneno yake hayo mwaka 1994.

Turudi kwa Marko 7, penye habari ya Korbani, yaani mtu kuweka nadhiri na hivyo kuwanyima wazazi wake msaada. Wengi hufundisha kwamba wazee wa Kiyahudi waliipenda hila hiyo. Lakini katika Mishna, kitabu cha Nedarim, jambo hili lajadiliwa. Eliezer asema heshima ya baba na mama yatosha kuwa sababu ya kumfungua mtu nadhiri yake. Wenzake wambishia kwa habari ya nadhiri nyingine. Ila nadhiri iliyo kati ya mtu na wazazi wake wakubali wote kwamba hufunguliwa.