Uvimbe wa Kashata hauna subira

Shangazi, naishi Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, ghorofa ya tatu. Binti yangu anafuga panya mweupe jike, jina lake Kashata, ana mwaka na nusu hivi. Tangu mwezi uliopita ameota uvimbe chini ya kwapa, sasa unalingana na ndimu ndogo, lakini anakula na kucheza kama kawaida. Muuza dawa za mifugo kaniambia nimchome OTC. Mume wangu anasema kutibu panya Kariakoo ni kichekesho, tununue sumu yaishe. Mama mkwe anaogopa mtoto ataambukizwa saratani. Mimi nilitaka tungoje kwanza tuone. Nifanyeje?
Mama Binti, Kariakoo

Mwanangu, nianze na mama mkwe, maana hofu yake ndiyo nyepesi kuiondoa. Uvimbe wa panya haumhamii mtoto, hata akimpakata kutwa. Kinachoweza kutoka kwa panya kwenda kwa mtu ni vijidudu, kwa mfano vya homa ya mgunda iliyotutia hofu mwaka 2022 kule Lindi, na hivyo hupitia zaidi kwenye mkojo. Kwa hiyo binti anawe mikono kwa sabuni, na Kashata asikutane kabisa na panya wa mitaroni wanaopanda usiku kutafuta mabaki ya sokoni. Hilo lilipaswa kufanyika hata kabla ya uvimbe.

Sasa uvimbe wenyewe. Kwa jike wa umri huo, mara nyingi ni wa tezi za maziwa. Usishangae kuukuta kwapani: tezi hizo kwa panya zimetandaa kuanzia shingoni hadi kinenani na kupanda ubavuni, hivyo uvimbe wa titi unaweza kujitokeza hata jirani na bega. Uguse taratibu. Ukiwa unateleza chini ya ngozi, haujashikana na nyama ya ndani, na mnyama hajali, dalili ni njema, ingawa kidole hakitoi majibu ya maabara. Ukiwa wa moto, unauma, una kigaga na ulitokea kwa siku mbili tatu tu, huenda ni jipu. Kwa majike, uvimbe mwingi wa tezi hizi si saratani, na chanzo chake kikubwa ni homoni. Utafiti uliochapishwa mwaka 1995 kwa panya weupe wa aina ya Sprague-Dawley ulionyesha kwamba waliotolewa mifuko ya mayai wakiwa na siku 90 walipata uvimbe wa matiti kwa asilimia 4 tu, ilhali wasiotolewa walifikia asilimia 47. Kwa hiyo binti asijilaumu kwamba alimbana vibaya au alimlisha kitu kibaya. Muuza dawa naye hana msaada hapa: OTC ni antibiotiki inayozuia bakteria, na uvimbe wa tezi hautokani na bakteria. Hata kama ni jipu, dozi iliyozoeleka kwa ng'ombe na mbuzi haikisiwi kwa macho kwa mnyama wa robo kilo.

Ukisikia “si saratani” utasema basi, tungoje kama ulivyokusudia. Hapo ndipo tunapoachana. Uvimbe usio wa saratani hausambai kwenye mapafu, lakini hauachi kukua, na kwa panya muda hauendi kama kwetu. Panya mweupe huishi miaka miwili hadi mitatu. Tukikadiria miezi 30, mwezi mmoja wa kungoja ni sehemu moja ya thelathini ya maisha yake, yaani zaidi ya miaka miwili kwa mtu wa kuishi miaka 70. Uvimbe wa ukubwa wa karanga daktari huutoa kwa kidonda kidogo na damu kidogo. Ukifikia ukubwa wa chungwa umeshajijengea mishipa yake ya damu, umevuta ngozi hadi kuchanika, na mnyama aliyeubeba amedhoofika kiasi kwamba dawa ya usingizi yenyewe ni hatari. Wanaongoja hudhani wameahirisha uamuzi, kumbe uvimbe unawaamulia.

Mizani nayo inaweza kukudanganya. Uvimbe unavyokua, uzito unapanda, nawe unafurahi kwamba anaongezeka. Pitisha kidole mgongoni: uti ukianza kuchoma kama msumeno, anaisha huku mizani ikikusifia. Ukiona pia wekundu machoni na puani, usidhani ni damu. Ni rangi inayotoka kwenye tezi ya nyuma ya jicho, nayo huzidi mnyama anapoumwa au kuhangaika.

Mumeo ana hoja na siidharau. Soko zima linapambana na panya, halafu wewe upeleke mmoja kwa daktari? Lakini nchi hii imeshazoea kutunza panya. Pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku tangu mwaka 2000 kunusa mabomu ya kutegwa ardhini, na baadaye kifua kikuu kwenye makohozi. Magawa, mmoja wa panya hao aliyezaliwa huko huko, alipewa nishani ya dhahabu ya PDSA, shirika la wanyama la Uingereza, mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia, akafa Januari 2022 akiwa na miaka minane. Panya hao hupakwa mafuta ya kukinga jua masikioni na mkiani wasipate saratani ya ngozi. Atajibu kwamba buku ni wa kazi na Kashata ni wa kuchezea, na gharama ni ya mshahara wake. Sawa, pangeni kiwango cha fedha kabla ya kumpigia daktari, na kisivuke hapo. Ila sumu isiingie kwenye hesabu. Sumu za panya zinazouzwa sana huzuia damu kuganda, na mnyama hufa kwa kuvuja damu ndani kwa ndani kwa siku kadhaa, mbele ya mtoto. Tangu mwaka 2008 tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama, na kumtesa mnyama ni kosa. Isitoshe, sumu ndani ya nyumba yenye mtoto ni hatari kubwa kuliko uvimbe wowote.

Kama Kashata bado anakula na mgongo una nyama, mpigie daktari wa mifugo wiki hii, umuulize waziwazi kama ameshawahi kumpasua panya au sungura. Asipokuwa na uzoefu huo, uliza hospitali ya wanyama ya Sokoine. Akikuambia umlaze njaa usiku kucha, mkumbushe kwamba panya hatapiki, hivyo hana haja ya kufungishwa. Nyuzi zifichwe chini ya ngozi, la sivyo atazitafuna, na arudi kwenye kitambaa chenye joto, mbali na feni. Uvimbe mwingine unaweza kuota baadaye kwenye tezi zilizobaki. Mwambie binti hilo mapema. Na kama ameshakonda, au ngozi imechanika, msiingie upasuaji. Mwombeni daktari amlaze kwa sindano asiamke, na binti aulizwe kama anataka kuwepo.