Shangazi, baba hataki nipange Malimbe

*Shangazi,*

*Mimi ni binti wa miaka 20, nyumbani kwetu ni Nyamongo, Tarime. Nimepata nafasi ya kusomea ualimu SAUT, Mwanza. Nimeambiwa hosteli za chuo hazitoshi, wengi hupanga mitaani. Baba anasema mtoto wa kike hapangi chumba kabla hajaolewa, niende nikakae Igoma kwa baba mdogo. Baba mdogo ni mtu mwema, sina neno naye, ila nyumba yake ni ya vyumba viwili na wanawe watatu wakubwa wanalala sebuleni. Rafiki yangu wa mwaka wa pili amepanga Malimbe na wenzake wawili, ananiita tuchangie kodi. Anasema pale kila kitu poa. Halafu kuna kaka mmoja mnunuzi wa dhahabu amejitolea kunilipia kodi ya miezi sita mpaka mkopo utoke, nitamrudishia taratibu. Mama anasema nichague mtaa salama, lakini Mwanza siijui. Mtaa gani ni salama?*

*Binti wa Nyamongo*

Hongera sana, mwanangu.

Mwanza huijui, sawa, lakini mtaa unajua kuusoma. Umekulia Nyamongo, mahali palipojaa wageni tangu mgodi mkubwa uanze uzalishaji mwaka 2002. Unajua njia ipi haipitwi jioni watu wakiwa wameshika hela. Unajua vyumba vilivyopangana nyuma ya baa vinapangishwa kwa nani. Unajua pikipiki gani hupandi hata ukipewa lifti ya bure. Hiyo elimu ibebe pamoja na vyeti vyako, kwa sababu jina la mtaa peke yake halitakusaidia. Malimbe hiyo hiyo ina nyumba ambayo ningemlaza binti yangu bila wasiwasi, na hatua hamsini kutoka hapo ipo ambayo nisingempitisha hata mchana.

Nianze na Igoma, maana naona ndipo roho yako inaposita. Igoma iko barabara ya Musoma. Chuo chako kiko ng'ambo ya pili ya jiji, Nyegezi kwenda Malimbe. Kila siku utavuka mji mzima kwa daladala, asubuhi kwenda na jioni kurudi. Siku ya kipindi cha jioni au ya kujisomea maktaba utashuka kituoni usiku, peke yako, uanze kutembea. Ukifika nyumbani kuna vyombo na maji yanakusubiri, kwa sababu binti wa ndugu aliyekaribishwa hakai akaangalia tu. Hilo tunalijua wote, hata kama wenye nyumba ni wema kiasi gani.

Kisha kuna ile sentensi ya sebuleni. Umeiandika harakaharaka ukapita. Vyumba viwili, vijana watatu wakubwa sebuleni, wewe utalala wapi? Simtuhumu mtoto wa mtu. Nasema tu kwamba msichana wa miaka 20 anahitaji mlango unaofungwa kwa ndani, na nyumba ya ndugu isiyo na mlango huo haigeuki kuwa salama kwa sababu ya ukoo. Kama kuna jambo zaidi ambalo hukuliandika, mwambie mama kabla hujasafiri. Usiende kwanza ndipo useme.

Sasa huyu mnunuzi wa dhahabu. Hapo sina maneno mengi: usichukue. Anayekulipia kodi ya miezi sita atajua unapolala, na siku atakapobisha hodi saa nne usiku hutakuwa na mdomo wa kumwambia aondoke. Deni la namna hiyo hulipwa taratibu kweli, ila anayepanga namna ya kulipa si wewe.

Lakini naelewa kilichokufikisha kwake. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi ndipo atoe funguo, na boom, yaani fedha ya mkopo, huweza kukukuta chuoni wiki kadhaa baada ya kufungua. Bodi ya Mikopo ilipandisha fedha ya chakula na malazi kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku mwaka 2022, nayo huja kwa awamu. Wasichana wengi huteleza kwenye hizo wiki za kati, na mtaa wala hauhusiki. Kwa hiyo kabla ya kuuliza mtaa, ulizeni nyumbani: kodi ya mwanzo inatoka wapi? Kama kuna ng'ombe wa kuuzwa, auzwe sasa kwa ajili ya chumba, si Januari kwa ajili ya kukutoa matatani. Baadhi ya wenye nyumba waliozoea wanafunzi hukubali miezi mitatu kwanza wakiona mzazi amesimama mbele yao. Ukipewa nafasi ya hosteli ya chuo, hata ya mwaka wa kwanza tu, ichukue bila kufikiri mara mbili.

Kwa rafiki yako nenda ukaone, usiishie kwenye "poa". Nenda mchana, halafu rudi saa mbili usiku, kwa miguu, kutoka getini chuoni mpaka mlangoni, na mwenzako. Mwanza ni mji wa mawe. Nyumba nyingi zimepanda mlimani, na kuna vijia vinavyopita katikati ya majabali ambavyo mchana vinapendeza kupigia picha na usiku huoni aliyesimama mbele yako. Angalia kama kuna taa, na kama kuna maduka yanayochelewa kufunga, au ni vijiwe tu.

Ukifika ndani, tazama choo kiko wapi. Watu huangalia vigae na rangi ya ukuta wakasahau kwamba choo kiko uani nyuma, na bomba liko kwa jirani. Dirisha lina nondo? Mwenye nyumba anaishi humo humo? Nyumba yenye mama anayeuza maandazi barazani tangu alfajiri naipenda kuliko yenye geti kubwa na mlinzi anayelala. Na funguo za chumba ziko ngapi, kwa nani? Hapo umbane rafiki yako bila aibu. Wenzake wawili wana wapenzi wanaolala pale? Mmoja wao ana nakala ya funguo? Akijibu kwa kucheka, umeshajibiwa.

Dalali asikutumie picha kwa simu ukamtumia hela. Ona chumba, zungumza na mwenye nyumba mwenyewe, pata mkataba wa maandishi, kisha jitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa. Wasichana wa mwaka wa pili na wa tatu wanajua nyumba zipi zina historia. Watafute kwenye vikundi vya dini vya wanafunzi, TMCS au USCF, kulingana na kanisa lako, nao watakuambia mengi ambayo dalali hasemi. Hifadhi pia namba ya polisi, 112, na ulizia dawati la jinsia la chuo liko jengo gani ukiwa bado huna shida nalo.

Baba naye nina neno lake, kama gazeti hili linafika kwake. Mzee wangu, shikamoo. Hofu yako ni ya haki, wala sikuambii uiache. Ila binti akichelewa daladala ya usiku kurudi Igoma, heshima ya nyumba yako iko barabarani naye. Fanya hivi: safiri naye. Mpitie mdogo wako, mwende wote watatu Malimbe mkaone vyumba. Mkataba wa chumba awe shahidi baba mdogo, namba yake ya simu aachiwe mwenye nyumba, na binti aende kwake kila Jumapili ya pili kula na kusalimia. Mwenye nyumba akijua nyuma ya huyu msichana kuna wanaume wawili wa Kikurya wanaokuja bila taarifa, atamtazama kwa jicho jingine. Ukoo utakuwa umemlinda, na sebule ya watu haitakuwa chumba chake.

Kama baba hakubali kukusikia wewe wala mama, usibishane naye mezani. Mtume shangazi yako wa kweli, dada yake, au mwalimu aliyekufundisha ambaye baba anamheshimu.

Ondokeni Tarime mjini kwa basi la asubuhi ili mfike kungali mchana. Mabasi ya huku kwetu huishia upande wa Nyamhongolo, si mbali na Igoma, kwa hiyo siku za kutafuta chumba laleni kwa baba mdogo, baba akiwepo. Na siku utakayokabidhiwa chumba nunua kufuli jipya. La mpangaji aliyetoka usilipokee.